Baada ya Upasuaji wa Kifundo cha Mkono: Dalili Ambazo Hazingoji Kesho



Katika matembezi yetu ya nyumba kwa nyumba kuna swali linalorudi mara kwa mara. Je, ni kweli kwamba huko ng'ambo kifundo cha mkono kikiharibika wanakitoa na kukuwekea kingine cha chuma? Swali hili huja kwa simu. Ndugu aliyehamia Marekani au Kanada anapiga, anasema amepasuliwa mkono na maumivu yamekwisha. Mama aliyebaki hapa, ambaye vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi miaka mingi, anauliza kama na yeye anaweza kupata.

Ndiyo, kiungo hicho kipo. Lakini kuna swali lingine ambalo watu hawatuulizi, nalo linamhusu hata yule ambaye hatapata kiungo hicho maisha yake yote. Linamhusu kila aliyewekewa chuma, misumari au skurubu mkononi kwa sababu ya kuanguka, ajali ya pikipiki au risasi. Ukishatoka chumba cha upasuaji, nini kinaweza kuharibika, na utajuaje?

Kiungo cha bandia ni nini?

Shika kifundo cha mkono wako wa kushoto kwa mkono wa kulia, kisha kizungushe polepole. Kinakwenda juu, chini, upande huu na upande ule. Ndani yake mifupa miwili mirefu ya mkono inakutana na mifupa midogo minane iliyopangwa kwa safu mbili kama vijiwe. Juu na chini ya vijiwe hivyo zinapita kano, yaani zile kamba zinazovuta vidole, pamoja na mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Hivyo vyote vinapita mahali pembamba sana.

Baridi yabisi au kuvunjika kwa zamani kunaweza kula gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa. Mfupa unabaki kusagana na mfupa. Katika upasuaji wa kubadilisha kiungo, daktari anakata ncha zilizoharibika, anapachika kipande kimoja cha chuma katika mfupa mrefu na kingine katika vile vijiwe, na katikati anaweka plastiki ngumu ili viteleze.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1890 daktari mmoja wa Berlin, Ujerumani, aitwaye Themistocles Gluck, aliweka kifundo cha mkono kilichochongwa kwa pembe ya ndovu. Wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu kilichoingia kwenye viungo. Mkono ulitembea vizuri, lakini palibaki tundu linalotoa usaha, kwa sababu ugonjwa ulikuwa bado ndani. Kwa hiyo hata kifundo cha kwanza kabisa kilileta matatizo ya baada ya upasuaji. Mwaka 1967 daktari Mmarekani, Alfred Swanson, alianza kutumia kifundo cha silikoni, kitu kinachofanana na mpira. Kwa watu wengi kilivunjika baada ya miaka, na chembechembe zake zikafanya kiungo kivimbe. Tangu miaka ya 1970 vimetengenezwa vya chuma na plastiki, na kila kizazi kimekuwa bora kuliko kilichotangulia. Hata hivyo hadi leo kifundo cha mkono hakijafikia uimara wa nyonga au goti la bandia.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mfupa wa paja ni mnene, chuma kinapata mahali pa kushika. Vijiwe vya mkono ni vidogo, na kila unapokamua nguo, unaposonga ugali au kusukuma mlango, chuma kile kinasukumwa upande. Polepole kinalegea, hasa kile kipande cha upande wa vidole. Ndiyo maana mtu mwenye kifundo cha bandia huambiwa asibebe mara kwa mara kitu kinachozidi kilo 5 hivi kwa mkono huo, asipige nyundo, wala asiegemee mkongojo kwa mkono huo. Sasa fikiria bidoni yetu ya maji. Ikijaa ni lita 20, yaani kilo 20. Jembe je? Na mtoto mgongoni, ambaye lazima umwinue kwanza kabla ya kumfunga kitenge?

Kwa mtu anayefanya kazi nzito, madaktari wengi huchagua njia nyingine, nayo ni kufunga kiungo. Wanaondoa sehemu zilizosagika, wanaweka mfupa kidogo uliotolewa sehemu nyingine ya mwili, mara nyingi nyongani, kisha wanafunga yote kwa bamba la chuma ili mifupa iote pamoja iwe mmoja. Kifundo hakitakunjwa tena. Lakini maumivu huondoka, nguvu ya kushika hubaki, na bado unaweza kugeuza kiganja juu na chini. Mtu akisikia "mkono hautakunjika" anaogopa, anaona amepewa kitu cha maskini. Mimi naona sivyo. Kwa mama anayechota maji kila siku, mkono mgumu usiouma ni bora kuliko kiungo kizuri kitakacholegea. Na hata kiungo cha bandia kikilegea, mara nyingi dawa yake ya mwisho ni hiyo hiyo ya kufunga.

Chuma tulichotoka nacho

Wengi wetu hatutakutana na kiungo cha bandia. Tunachokutana nacho ni mkono uliovunjika. Ukianguka unatanguliza kiganja, na mfupa unavunjika karibu na kifundo. Nani hajateleza kwenye mawe ya volkano ya Goma, au kwenye udongo wa huku wakati wa mvua? Wengine walianguka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wakakimbilia Gisenyi. Wengine wana majeraha ya vita. Hospitali ya CBCA Ndosho huko Goma, ambako Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imesaidia kupasua majeruhi tangu 2012, ilijaa kupita kiasi mapigano yalipoingia mjini Januari 2025. Wengine walitibiwa HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn. Watu walivuka mpaka wakiwa na nyuzi ambazo hazijatolewa, wengine na fito za chuma zilizochomoza nje ya ngozi.

Kama wewe ni mmoja wao, yafuatayo ni yako.

Saa na siku za kwanza

Mkono uliopasuliwa huvimba. Hilo ni la kawaida. Uweke juu, kiganja kiwe juu kuliko moyo, hata ukilala tumia nguo zilizokunjwa kama mto. Usiuache ukining'inia. Chezesha vidole tangu siku ya kwanza, vifunge na kuvifungua, hata kama plasta ngumu ipo.

Kisicho cha kawaida ni maumivu yanayopanda badala ya kushuka. Dawa ya maumivu umemeza, mkono umeinua, na bado unalia. Mtu akikunyooshea vidole unapiga kelele. Vidole vinakufa ganzi, vinakuwa baridi au vinabadilika rangi. Hapo ndani ya mkono kuna shinikizo, damu haipiti vizuri kwenye misuli. Misuli haivumilii hali hiyo muda mrefu: ndani ya saa 6 hivi inaweza kuanza kufa, na ikifa hairudi, vidole vinabaki vimekunjika kama kucha za ndege. Usingoje asubuhi. Mwamshe jirani, amsha mjumbe wa afya wa eneo lako, nendeni kituo cha afya usiku huo huo ili plasta au bandeji ifunguliwe. Namba ya kuita ambulansi nchini Rwanda ni 912, kupiga ni bure.

Kwa watoto angalia zaidi. Mtoto hasemi "nina ganzi", yeye analia tu bila kunyamaza, au anakataa kuguswa vidole.

Hatari hii haitokani na plasta ya hospitali peke yake. Inakuja pia kwa vijiti na kamba za waunga mifupa wa kienyeji vikikazwa sana. Sisemi hivyo kuwadharau. Wengi ni wazee tunaowaheshimu, na wamesaidia watu pale ambapo hospitali haikuwepo. Lakini mkono wenye chuma ndani usiukandwe, usivutwe wala usifungwe vijiti na mtu yeyote. Chuma kinaweza kuachia, na skurubu iliyoachia haikandiki ikarudi.

Wiki za kwanza: kidonda na usaha

Hapa ndipo tunapoona watu wengi wakichelewa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chuma hakina damu. Mdudu wa ugonjwa akishajishika kwenye chuma, kinga ya mwili na dawa vinamfikia kwa shida. Kidonda cha kawaida kikipata usaha, kikisafishwa mara nyingi kinapona. Kidonda chenye chuma chini yake kikipata usaha, ugonjwa unaweza kushuka hadi kwenye mfupa. Halafu tundu linafunga, unashukuru Mungu, baada ya mwezi linafunguka tena na kutoa maji au usaha. Linafunga tena. Watu wanazoea hali hiyo kwa miaka. Usiizoee! Huo ni mfupa unaoumwa, na mara nyingi hautapona bila daktari kufungua, kusafisha na pengine kutoa chuma.

Vitabu vingi vinasema angalia wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Angalia ngozi inayong'aa na kukaza, iliyogeuka nyeusi zaidi kuliko pembeni yake. Iguse kwa mgongo wa mkono mzima: je, ina joto kuliko upande mwingine? Inanuka? Bandeji imelowa tena baada ya kuwa kavu siku mbili? Una homa au unatetemeka? Maumivu yaliyokuwa yamepungua yamerudi? Hata dalili moja katika hizi inatosha kukuleta kituoni siku hiyo hiyo.

Tafadhali usimimine unga wa kapsuli juu ya kidonda. Tunaona jambo hili kila wiki: mtu ananunua kapsuli mbili za rangi mbili sokoni, anazifungua na kunyunyiza. Dawa hiyo haifiki kwenye chuma, inafanya ganda tu juu na usaha unabaki chini. Wala usiweke majivu, dawa ya meno, majani yaliyotwangwa au mafuta ya taa. Kama umeandikiwa dawa za kuua wadudu, zimalize zote hata ukijisikia vizuri, usimgawie jirani nusu.

Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kabla ya hapo kidonda kikae kikavu. Najua hapa ni vigumu, mvua inaingia chini ya turubai na kuna vyombo vya kuosha. Funga mfuko safi wa plastiki wakati wa kuoga tu, kisha uutoe, maana ukikaa nao unatoa jasho na kidonda kinalowa kutoka ndani. Kwa wenye misumari inayotokeza nje ya ngozi: hutolewa na mhudumu, kwa kawaida baada ya wiki 4 hadi 6. Usiichezee, na ukiona mmoja umeanza kutoka wenyewe, usiusukume ndani.

Anayevuta sigara apumzike nayo, kwa sababu tumbaku inachelewesha mfupa kuota. Mwenye ugonjwa wa sukari amwambie mhudumu mapema, maana kidonda chake kinahitaji macho zaidi. Kuhusu chakula, maharage yanajenga mwili, na sambaza wa Ziwa Kivu wakiliwa wazima na mifupa yao wanatoa kile kile ambacho mfupa wako unatafuta. Anayeweza kuwapata asiwadharau kwa sababu ni wadogo.

Mkono unaowaka bila kidonda

Kuna tatizo ambalo baadhi ya watu hapa huliita kurogwa. Kidonda kimefunga vizuri, hakuna usaha, picha inaonyesha mfupa unaota. Lakini mkono unawaka moto. Hata kitenge kikiugusa mtu anaruka. Umevimba, unang'aa, siku moja wa moto, siku nyingine wa baridi, unatoa jasho peke yake. Mtu anaufungia kifuani, hautumii kabisa, na kila siku unazidi kuwa mgumu.

Hakuna aliyemroga. Mishipa ya fahamu imechanganyikiwa baada ya jeraha, inaendelea kupiga kengele ya hatari wakati hatari imekwisha. Ugonjwa huu unajulikana na madaktari, unaweza kuja baada ya kuvunjika au kupasuliwa kifundo cha mkono. Ukigunduliwa mapema, dawa na mazoezi vinasaidia wengi. Ukifichwa miezi, mkono unaweza kukakamaa moja kwa moja. Familia, msimcheke na msimwambie anajifanya. Mleteni.

Miezi na miaka baadaye

Bamba la chuma linaweza kukaa mwilini maisha yote kama halisumbui. Lakini lisahau usilisahau. Kano za vidole zinapita juu yake, na zikisuguliwa muda mrefu zinakatika kama kamba ya ndoo kwenye ukingo wa kisima. Kwanza unasikia kitu kinakwaruza unapokunja kidole gumba. Siku moja gumba linakataa, ncha yake haikunjiki au haiinuki. Ukija wakati wa kukwaruza, daktari anaweza kutoa chuma na kano ikapona. Ukija baada ya kukatika, unahitaji upasuaji mkubwa zaidi.

Ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, ni mshipa wa fahamu uliobanwa. Huo nao unatibika, lakini ukiachwa misuli ya chini ya gumba inakonda na kushika sindano au kalamu kunakuwa shida.

Kwa mwenye kiungo cha bandia, dalili za kulegea ni maumivu mapya anaposhika kitu, mlio wa kugongana, au mkono unaoonekana umehama upande. Na ugonjwa unaweza kufika kwenye chuma kwa njia ya damu hata baada ya miaka, ukitokea kwenye jipu au jino bovu. Kwa hiyo ukienda kutibiwa kitu chochote, anza kwa kusema, "Nina chuma mkononi."

Si kila mkono uliopinda unahitaji kisu, hilo nalo tuliseme. Mzee ambaye mkono wake uliunga vibaya miaka iliyopita, lakini analima na haumuumi, hana sababu ya kukimbilia upasuaji ili tu uonekane mzuri. Na aliyefungwa plasta wiki 6 asishangae kukuta kifundo kigumu siku inapotolewa. Weka viganja pamoja kama unayesali, shusha polepole mpaka uhisi kinavuta, hesabu hadi kumi, uachie. Rudia mara kadhaa kwa siku. Kukamua kitambaa laini kwenye maji ya vuguvugu kunasaidia pia, baada ya kidonda kufunga.

Karatasi yako na siku ya gari

Wengi waliopokelewa Nkamira tangu mwisho wa 2022 walihamishiwa Mahama, wilaya ya Kirehe, upande wa pili kabisa wa nchi. Safari hiyo inaweza kuangukia siku ya 9, wakati nyuzi zinatakiwa kutoka siku ya 12. Au daktari wa Gisenyi amekupa siku ya kurudi, na siku hiyo wewe uko Kirehe. Tumeona mtu akinyamaza ili jina lake lisiondolewe kwenye orodha ya gari, akafika na bandeji ya wiki tatu. Usinyamaze. Kusema kwamba una kidonda cha upasuaji hakukufutii haki yako. Kunafanya karatasi yako ya rufaa, ile watu wanaita transferi, iandikwe kwa kituo unakokwenda.

Karatasi hiyo ionyeshe siku uliyopasuliwa, hospitali, mkono upi, ni kitu gani kimewekwa ndani, dawa unazomeza na siku ya kutoa nyuzi au misumari. Iweke pamoja na kadi ya ukimbizi ndani ya plastiki, usiiweke kwenye mzigo unaopakiwa juu ya gari. Mwenye simu apige picha ya karatasi na ya eksirei. Ndani ya gari mkono uwe umefungwa shingoni kwa kitenge, kiganja juu ya kifua. Ukifika, usingoje kupangiwa nyumba kwanza. Nenda kituo cha afya siku hiyo au kesho yake ukiwa na karatasi mkononi.

Kama karatasi zako zilibaki Goma au ziliungua, bado njoo. Picha mpya ya eksirei itaonyesha bamba, idadi ya skurubu na kama mfupa umeota. Kovu litaonyesha daktari alipita wapi. Wewe utasema tu mwezi uliopasuliwa, hata kama hukumbuki tarehe, na faili jipya litafunguliwa hapo.